Hesabu ya Moto

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari wilayani Kibiti, na ni binti wa mchoma chokaa wa delta ya Rufiji. Kwa miaka mingi mambo hayo mawili hayakupeana hata salamu. Ualimu niliuandika kwenye fomu. Uchomaji chokaa niliuacha Nyamisati, kule boti zinakotia nanga, kila likizo ilipokwisha nikapanda gari kurudi kazini. Ushuhuda wangu ni wa namna yalivyokuja kukutana, na namna kukutana kwake kulivyobadili ninavyofundisha, ninavyolitazama jalala, na ninavyomsikiliza mtu anayefika kwetu na mradi anaouita wa kijani.

Kemia niliyosomeshwa, na ambayo nami nilianza kuisomesha, ilikuja kwa katoni. Chupa za kahawia zilitoka Dar es Salaam, na kabla ya hapo zilitoka ng'ambo. Chupa ikiisha, na somo la vitendo limeisha. Tunabaki na ubao. Wanafunzi wangu walijua kwa ufasaha majina ya vitu wasivyowahi kuvigusa, huku wakigusa kila siku vitu ambavyo hakuna aliyewaambia kwamba navyo ni kemia: ganda la chaza, jivu la pumba za mpunga, utomvu wa ganda la korosho unaochubua vidole.

Mada ya vichocheo ndiyo iliyokuwa ikinisumbua zaidi. Kitabu kinasema kichocheo ni dutu inayoharakisha mmenyuko wa kikemia bila yenyewe kuisha. Mwanafunzi huikariri sentensi hiyo, huiandika kwenye mtihani kwa Kiingereza, akapata alama zake, akaisahau. Nilipotaka waielewe niliwapa habari ya mshenga. Mshenga huzipunguzia familia mbili mzigo wa maneno, posa ikapita njia nyepesi kuliko ambayo ingepita bila yeye. Ndoa ikishafungwa, yeye si bwana harusi wala bibi harusi, na kesho atatumwa kwingine. Darasa lilicheka, likaelewa.

Kilichobaki ni kuwaambia gharama ya vichocheo vyenyewe. Inakadiriwa kwamba asilimia 80 hadi 90 ya bidhaa za kikemia duniani, kuanzia mbolea na dawa hadi plastiki na mafuta ya magari, hupita kwa kichocheo angalau katika hatua moja ya kutengenezwa kwake. Baadhi ya vichocheo hivyo ni metali adimu kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Sehemu kubwa ya paladiamu ya dunia hutoka Urusi na Afrika Kusini, na katika migodi ya Afrika Kusini tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu za metali za jamii hiyo. Vichocheo vingine ni rahisi kununua lakini ni vya kutumia mara moja: kostiki, kwa mfano, huyeyuka ndani ya mchanganyiko, na kuiondoa kunahitaji kuosha na kuosha tena, hadi mara nyingine maji machafu yakawa mengi kuliko bidhaa yenyewe.

Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 za kile kinachoitwa kemia ya kijani. Kanuni ya kwanza inasema ni heri kuzuia taka kuliko kuhangaika nayo ikishatokea. Ya saba inataka malighafi zinazozaliwa upya. Ya tisa inataka vichocheo badala ya kemikali za kutumia na kutupa. Ukizisoma tatu hizo kwa pamoja unaona kwa nini maabara nyingi duniani zimeanza kufukua majalala: kichocheo kinachotokana na taka kinaonekana kuzijibu zote kwa mpigo mmoja. Nami nilivutwa na hilo. Lakini nilivutwa kupitia korosho kwanza, na makombe baadaye.

Katika mafunzo ya walimu kazini nilikutana na maandishi ya Profesa Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mubofu alifanya utafiti York, Uingereza, pamoja na James Clark, mmoja wa watu walioijengea kemia ya kijani jina nchini humo. Mwaka 2001 wao wawili, pamoja na Duncan Macquarrie, walichapisha kazi kuhusu paladiamu iliyofungwa juu ya silika kwa ajili ya mmenyuko wa Suzuki, ule unaounganisha kaboni na kaboni na ambao watengenezaji wa dawa huutegemea sana. Maana ya kuifunga metali ghali juu ya kitu kigumu ni kwamba kazi ikiisha unachuja, unaipata, unaitumia tena. Mpaka hapo ilikuwa kemia ya katoni, ingawa ni ya hali ya juu. Kilichonishtua ni alichokifanya na wenzake nyumbani: waligeukia ganda la korosho.

Mtu wa Kibiti hahitaji kuelezwa ganda la korosho. Ukikaanga korosho juu ya bati lenye matundu, moshi wake hukutoa machozi, na mafuta yake yakikurukia ngozi huacha alama. Akina mama wabanguaji hupaka majivu au mafuta mikononi kujikinga. Mafuta hayo makali, ambayo huwa kati ya robo na theluthi ya uzito wa ganda, ni mchanganyiko wa asidi ya anakadi, kadanoli na kadoli. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaoyakimbia. Mkia huo ndio unaoyasaidia kupenya ngozi, na mkia huohuo ndio uliowavutia wanakemia. Molekuli za namna hiyo zikitiwa katika maji hujipanga, mikia ndani, vichwa nje. Watafiti wa Dar es Salaam walitumia kemikali zilizotokana na mafuta hayo kama kiolezo: silika ikaganda kuzizunguka, kisha kiolezo kikaoshwa, yakabaki matundu madogo yaliyopangika, ya upana wa nanomita chache. Kwenye kuta za matundu hayo wakafunga shaba, wakapata kichocheo cha kuvunja uchafu ndani ya maji.

Mwaka 2014 kundi la David Cole-Hamilton wa St Andrews, Uskochi, kwa kushirikiana na Wajerumani, lilionyesha kwamba kadanoli inaweza kukatwa mkia na kuwa kemikali ambazo harufu yake huvuta mbung'o mtegoni. Mwaka 2016 Mubofu aliikusanya safari hiyo katika makala ya jarida la Pure and Applied Chemistry, kutoka taka za maganda ya korosho hadi kemikali za thamani. Niliisoma nikiwa Kibiti, mahali ambapo msimu wa korosho ukifika hata duka la vocha hugeuka kituo cha habari za mnada. Nilijisikia kama mtu aliyekuta jina la kijiji chake kwenye ramani ya dunia.

Baada ya hapo sikuweza tena kufundisha kama zamani. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba muhula huo mada ya vichocheo itaanzia jalalani.

Tulianza na kilichokuwa karibu, makombe. Akina mama wa delta huokota kombe na chaza maji yakikupwa. Nyama huliwa au kuuzwa, maganda hubaki marundo nyuma ya nyumba. Ganda hilo karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Likipata joto la nyuzi 850 hadi 900 hivi, hutoa hewa ya ukaa na kubaki kalsiamu oksaidi, yaani chokaa hai. Chokaa hai ni besi yenye nguvu, na besi ngumu isiyoyeyuka ovyo ni kichocheo kizuri cha kazi nyingi, mojawapo ni kubadili mafuta ya kula kuwa dizeli ya mimea. Utafiti juu ya maganda ya mayai, kombe na konokono kwa kazi hiyo umefanyika katika nchi nyingi, kwa hiyo hatukuwa tunavumbua. Tulikuwa tunajifunza kwa mikono yetu kitu ambacho vitabu vya kigeni vilikijua na ambacho mababu zetu walikijua nusu yake.

Shule haina tanuri la umeme. Tuliyaosha makombe, tukayaanika, tukayatwanga kwenye kinu, tukapima gramu 100, tukaenda nazo kwa mhunzi. Mvukuto ukifanya kazi, mkaa hufika joto hilo bila shida. Chombo kikiiva hung'aa rangi ya chungwa. Kipimajoto cha nyuzi hizo hatukuwa nacho, lakini mizani tulikuwa nayo, na mizani inatosha. Gramu 100 za kalsiamu kaboneti safi zikiungua kikamilifu hubaki 56, kwa sababu 44 zimeondoka kama hewa ya ukaa. Mzigo ukibaki 80, haujaiva, urudi motoni. Ulipokaribia 56, wanafunzi waliokuwa wamezoea kukokotoa uzito wa moli kwa kubahatisha waliruka. Ile namba waliyoiandika ubaoni ilikuwa imetokea kwenye kisahani mbele ya macho yao.

Mafuta tuliyapata kando ya barabara ya Kilwa, kwa wakaanga chipsi, yale meusi yaliyokwishachoka. Tuliyachuja, tukayachemsha kuondoa maji, kwa sababu maji ni adui wa kazi hii. Methanoli nilishika mwenyewe, nje penye upepo, kiasi kidogo, kwa sababu ni sumu inayopofusha na kuua, nayo hushika moto upesi. Ukichanganya mafuta, methanoli na unga wa chokaa hai, ukapasha hadi nyuzi 60 huku ukikoroga kwa saa kadhaa, kisha ukaacha yatulie, chombo hujigawa. Juu husimama kimiminika chepesi cha rangi ya dhahabu, ndiyo dizeli ya mimea. Chini hukaa gliserini nzito iliyokoza. Na chini kabisa hulala chokaa yako, tayari kuchujwa na kutumika tena. Mafuta yaliyochoka kupita kiasi yana asidi huru, na asidi hiyo hukutana na chokaa ikazaa sabuni, mchanganyiko ukawa uji. Kwa hiyo mafuta ya muuza chipsi anayebadilisha mara kwa mara ni bora kuliko ya yule anayebana matumizi. Wanafunzi walijifunza kumtambua kila mmoja kwa maabara badala ya kwa ladha.

Hapo ndipo wengi wangeishia: taka imekuwa kichocheo, taka nyingine imekuwa nishati, makofi. Mimi nisingeweza kuishia hapo, kwa sababu niliwahi kuvuta moshi wa tanuri.

Mtoto wa mchoma chokaa anajua kitu ambacho makala nyingi za kisayansi hukipitia kwa mstari mmoja unaosema "yalichomwa kwa nyuzi 900". Huko delta, nyuzi hizo zina jina la mti. Magogo ya mkandaa na mkoko hupangwa duara, tabaka juu ya tabaka, kisha matumbawe au makombe hulundikwa juu, moto ukawashwa katikati. Tanuri likishika huwaka usiku kucha. Chokaa ya namna hiyo ndiyo iliyojenga pwani hii. Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kusini kwetu, ni matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Boriti za mikoko ya Rufiji zilisafiri kwa majahazi hadi Arabuni karne kwa karne. Msitu uliobaki, ambao bado ni mkubwa kuliko mwingine wa mikoko katika Afrika Mashariki, uko chini ya hifadhi, na eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu za kimataifa mwaka 2004. Matope yaliyo chini ya mikoko hutunza kaboni nyingi kwa hekta kuliko misitu mingi ya nchi kavu. Ukikata, unaufungua mlango wa ghala hilo.

Nilivuka kwenda delta kumwona baba mdogo, aliyefanya kazi hiyo na marehemu baba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Kibiti?"

"Njema. Nimekuja na swali la tanuri."

Alicheka. "Mwalimu mzima unakuja kuuliza tanuri?"

Nilimuuliza tanuri moja lilikuwa likila kuni kiasi gani. Akaniambia hawakupima kwa kilo, walipima kwa dau: madau mangapi ya magogo kwa madau mangapi ya mawe. Mara nyingi, alisema, kuni zilikuwa nyingi kuliko mawe. Kisha akaongeza maneno ambayo sasa yameandikwa juu ya ubao wa maabara yetu: "Mawe yanarudi nusu. Kuni hazirudi."

Nilimweleza kuhusu mafuta ya chipsi na dizeli. Alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja tu. "Na hiyo chokaa yenu ikitakiwa magunia, mtaichomea nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha ushuhuda wangu. Kwenye kisahani cha gramu 100, mkaa wa mhunzi haumuumizi mtu. Lakini chukulia kesho anatokea mwekezaji anayetaka makombe ya delta kwa tani. Kila tani ya makombe itatoa kilo 560 za chokaa na kilo 440 za hewa ya ukaa, hata kama moto wenyewe ungekuwa safi kabisa. Moto ukiwa wa mkandaa, unajumlisha hewa ya kuni, unajumlisha msitu usiokuwepo tena kuzuia mawimbi, unajumlisha kamba na kaa wanaokulia kwenye mizizi ile. Kichocheo kingetoka kwenye taka, karatasi ingeandikwa "kijani", na delta ingelipa. Nilielewa kwamba neno taka haliisafishi kazi. Kinachoisafisha ni hesabu ya moto.

Nikaanza kutafuta moto mwingine, na nikaukuta mlangoni pa mashine ya kukoboa mpunga.

Delta na bonde la Rufiji ni nchi ya mpunga. Kila kilo 100 za mpunga huacha kama kilo 20 za pumba, na pumba zikiungua huacha kama sehemu moja ya tano ya uzito wake kuwa majivu. Majivu hayo, asilimia 85 hadi 95, ni silika, dutu ileile ambayo maabara hununua kwa chupa ili kufungia vichocheo juu yake. Mpunga umeinyonya kutoka udongoni ukaihifadhi kwenye ganda. Kwa hiyo pumba ni kuni na ni malighafi kwa wakati mmoja: zinawaka, na kinachobaki baada ya kuwaka ndicho unachokitaka. Wafyatua matofali wa mikoani wanajua nusu ya kwanza ya habari hiyo. Nusu ya pili huachwa imwagwe barabarani.

Nilidhani basi jibu la baba mdogo limepatikana: choma makombe kwa pumba, vuna chokaa na silika kwenye tanuri moja. Kemia ina tabia ya kukupa na kukunyang'anya. Silika ya pumba ina thamani kwa kazi ya vichocheo ikiwa haijajipanga kuwa fuwele, yaani ikiwa imeungua kwa nyuzi 500 hadi 700 hivi, kwa hewa ya kutosha, hadi jivu likawa jeupe. Ukipita nyuzi 800 huanza kujipanga, matundu yake yanaziba, na vumbi lake la fuwele ni hatari kwa mapafu. Makombe nayo hayaivi vizuri chini ya nyuzi hizo. Moto mmoja hauwezi kuwatumikia mabwana hawa wawili. Tukatenganisha: jiko la pumba la moto wa taratibu kwa ajili ya jivu jeupe, na moto mwingine wa pumba unaopulizwa kwa nguvu kwa ajili ya makombe, ambao jivu lake hatulitumii maabara.

Kwa kazi kubwa kuliko ya shule, nadhani jibu liko kwenye mto wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere, juu ya delta, limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Watu wa delta tuna maswali yetu kuhusu bwawa hilo, kwa sababu maji ya mafuriko ndiyo yaliyoleta tope la mashamba na ndiyo yaliyolowesha mlau wetu, mashamba tunayolima mafuriko yakipungua. Lakini kwa kuwa umeme wake sasa upo, tanuri la umeme lililowekwa Kibiti linaweza kuivisha makombe kwa nyuzi kamili bila kuanguka mkandaa hata mmoja. Kama mto umechukuliwa sehemu ya kazi yake ya zamani, itakuwa haki nasi tupate sehemu ya kazi yake mpya.

Hesabu ya moto ilinifungulia hesabu nyingine ambayo sikuitarajia. Nilipoanza kuorodhesha taka za wilaya yetu zinazoweza kuwa vichocheo, niligundua kwamba nyingi hazipo. Maganda ya kamba na kaa yana kitini, na kitini ikitibiwa hutoa kitosani, ambayo hushika ayoni za shaba na paladiamu vizuri sana. Lakini kaa wetu husafirishwa wakiwa hai, na kamba wengi huondoka na maganda yao. Korosho ni vilevile. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007 mkulima anaujua mnada, anajua bei ya kilo, lakini sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania huondoka ghafi kwenda India na Vietnam, ikiwa bado ndani ya ganda lake. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni ganda, na ndani ya ganda mna yale mafuta ambayo profesa wetu alitumia miaka kuyasoma. Tunauza punje, na juu ya punje tunatoa bure malighafi ya kiwanda cha kemikali. Kabla ya kuuliza tufanye nini na taka, inabidi tuulize taka iko wapi.

Ndiyo maana mafunzo yangu sasa yana sura nyingine. Kila kikundi cha wanafunzi kinacholeta wazo la kichocheo kutokana na taka hujaza jedwali la maswali manne. Taka hii imetoka wapi, na je, ingekuwepo hata bila sisi kuitaka? Imechomwa au kutibiwa kwa moto na kemikali gani? Kichocheo kinatumika mara ngapi kabla ya kuchoka? Kikichoka, kinaishia wapi? Swali la pili ndilo linaloangusha mawazo mengi, na sioni ubaya; wazo lililoanguka kwenye karatasi halijaangusha mti.

Jedwali hilo limezaa mabishano ninayoyapenda. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliuliza kwa nini tunasifu chokaa ya makombe huku methanoli ikitengenezwa kwa gesi asilia na kuja kutoka ng'ambo, wakati bomba la gesi ya Songo Songo limekuwa likipita upande wetu kwenda Dar es Salaam tangu 2004. Mvulana mwingine alipendekeza kwamba, kwa kuwa kostiki inayohitajika kuyeyusha silika ya pumba nayo ni ya kununua, tujaribu magadi yanayotokana na majivu ya makumbi ya nazi. Tulijaribu, ni dhaifu zaidi, yanachukua muda, lakini sabuni ya gliserini tuliyopika nayo inatoa povu, na akina mama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa wamekwisha kuomba waoneshwe.

Sidai kwamba tumeendesha boti kwa dizeli ya chipsi. Dizeli ya chokaa isiyosafishwa vizuri hubaki na kalsiamu inayoweza kuharibu injini, na hakuna mvuvi nitakayemwambia ahatarishe mashine yake kwa ajili ya somo langu. Chokaa yetu pia ina udhaifu wa mahali tulipo: hewa ya pwani imejaa maji, na chokaa hai ikiachwa wazi huzimika, ikanywa unyevu na hewa ya ukaa, ikarudi taratibu kuwa kama ilivyokuwa. Tunaihifadhi kwenye mitungi iliyofungwa kwa nta, na kila mara kabla ya kuitumia tunaipima upya. Kazi yetu ni ya darasani. Faida yake ni kwamba vijana wa Kibiti watakaokwenda chuo kikuu wataingia maabara wakijua kuuliza kuni zilitoka wapi.

Na mimi nimebadilika. Zamani nilipoulizwa kwetu ni wapi, nilisema Kibiti na kunyamaza. Sasa nasema ni binti wa mchoma chokaa, na nasema nikiwa mbele ya wakaguzi wa elimu, kwa sababu kazi ya baba yangu ndiyo iliyonipa swali ambalo shahada haikunipa. Baba mdogo alikuja shuleni siku ya wazazi, akasimama mbele ya darasa, akaeleza jinsi ya kujua tanuri limeiva kwa rangi ya moto. Wanafunzi waliandika. Mimi nilisimama nyuma, nikaandika pia.

Kwa hiyo ninao ujumbe kwa wenye nguvu kuliko mimi. Mwenye kiwanda cha kubangua korosho atakayekuja Pwani asitupe wala kuchoma maganda ovyo. Aweke kinu cha kukamua mafuta yake tangu siku ya kwanza. Mwenye mashine ya mpunga asimwage pumba barabarani hadi zishike moto zenyewe. Azikusanye, zina mnunuzi hata kama bado hajafika. Watafiti wa vyuo vyetu walete tanuri la umeme huku chini, karibu na makombe, badala ya kusafirisha makombe kwenda juu. Na yeyote atakayeleta mradi wa kemia ya kijani wilayani Kibiti aje na majibu ya yale maswali manne, hasa la pili. Akiwa nayo, karibu sana: makombe yapo, pumba zipo, na vijana wenye mizani wapo tayari kumkagua.